Michezo ya video: mwanamke hanunui rangi, ananunua mchezo

WAFANYABIASHARA wengi ukiwauliza mteja wa michezo ya video ni nani, watakujibu bila kusita kwamba ni kijana wa kiume. Jibu hilo limezeeka, na limekwisha kuwatia watu hasara. ESA, chama cha kampuni za michezo hiyo nchini Marekani, kilieleza katika ripoti zake za mwaka 2023 na 2024 kwamba katika kila wachezaji 100 nchini humo, wapatao 46 ni wanawake. Soko lililodhaniwa kuwa la wavulana limegawanyika karibu nusu kwa nusu.

Msomaji wa ukurasa huu anaweza kuuliza jambo hilo linamhusu nini mwenye duka la vitenge Kariakoo, au mstaafu aliyeweka akiba yake katika hisa chache. Linamhusu sana. Ni biashara chache zilizomtafuta mteja mwanamke kwa gharama kubwa hivyo, zikampata, zikampoteza, kisha zikampata tena, na mahesabu yake yakabaki wazi kwa kila mtu kuyasoma. Mwenye kutaka kujifunza kuuza ana darasa hapo, tena karo imekwisha kulipwa na wengine.

Anayesomea biashara hufundishwa mapema kwamba kuuza kuna nguzo nne: bidhaa yenyewe, bei yake, mahali inapopatikana, na matangazo yake. Kwa maoni ya safu hii, kampuni nyingi za michezo ya video zilipoitaka fedha ya mwanamke zilishika nguzo ya nne peke yake. Zilibadili rangi ya boksi, zikabandika picha ya msichana, zikangoja mauzo. Zilizofaulu zilianzia kwenye bidhaa, mahali na bei. Tangazo lilikuja mwisho, likakuta kazi kubwa imekwisha kufanyika.

Mdomo unaokula

Tuanze Japani, mwaka 1980. Wakati huo michezo ya video ilikuwa katika mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, zilizopangwa kwenye kumbi zilizojaa wanaume. Mchezo uliotamba ulikuwa Space Invaders wa kampuni ya Taito, uliotoka mwaka 1978, ambao kazi yake ilikuwa kuwapiga risasi wavamizi kutoka angani. Mtengenezaji mmoja wa kampuni ya Namco, Toru Iwatani, aliona kwamba kumbi hizo zinakosa wateja wengi. Amekwisha kueleza mara kadhaa kwamba alitaka kuwavuta wanawake na wapenzi wanaotoka pamoja, hivyo akatafuta jambo lisilo la vita. Akachagua kula. Pac-Man ni mdomo unaotembea ukila vitone, huku ukifukuzwa na vizuka vinne vya rangi mbalimbali ambavyo havimtishi mtu.

Angalia alichofanya. Hakuandika popote kwamba mchezo huo ni wa wanawake, wala hakuwafukuza wanaume. Alibadili bidhaa, na wateja wa pande zote mbili wakaja. Mwaka 1982 kampuni ya Midway ya Marekani ikatoa Ms. Pac-Man, mdomo uleule safari hii ukiwa na utepe kichwani, na mashine zaidi ya 100,000 zikauzwa. Utepe ulikuwa nakshi tu. Mchezaji alirudi kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa umeboreshwa: njia za kupita zilikuwa za namna nne badala ya moja, na mwendo wa vizuka haukuwa rahisi kuukariri.

Rafu ya wavulana

Mwaka 1983 soko la Marekani likaanguka. Michezo mibovu ilijaa madukani, bei zikaporomoka, na mauzo ya michezo ya nyumbani yaliyokuwa takriban dola bilioni 3.2 mwaka huo yakashuka hadi kiasi cha dola milioni 100 mwaka 1985. Wenye maduka hawakutaka tena hata kusikia habari za michezo ya video. Nintendo ilipoiingiza mashine yake New York mwaka 1985 iliiuza kama kitu cha kuchezea watoto, ikaambatanisha na roboti ndogo ya plastiki, ili ipate nafasi dukani.

Ujanja huo uliiokoa biashara, lakini ulikuwa na gharama yake. Maduka ya vitu vya watoto ya Marekani yalikuwa na rafu za wavulana na rafu za wasichana, na bidhaa ilibidi ikae upande mmoja. Mashine ikapangwa kwa wavulana. Kuanzia hapo matangazo yakamfuata mvulana, watengenezaji wakatengeneza kile kilichotangazwa, na takwimu za mauzo zikaonyesha kwamba wanunuzi ni wavulana. Mashine ya mkononi ya mwaka 1989 ikapewa jina la Game Boy. Huo ndio mduara wa kuogopwa na kila mfanyabiashara: unamfungia mteja mlango, halafu unaandika katika ripoti yako kwamba hakutaka kuingia.

Hata alipopatikana shujaa mwanamke, mambo hayakubadilika mara moja. Tomb Raider ya mwaka 1996 ilimfanya Lara Croft ajulikane duniani kote, lakini picha zake katika matangazo zililenga macho ya wanaume. Kumweka mwanamke ndani ya mchezo ni jambo moja, na kumuuzia mwanamke mchezo ni jambo lingine.

Homa ya pinki

Mwaka huohuo wa 1996 kampuni ya Mattel, wenye mwanasesere Barbie, ilitoa diski ya kompyuta iitwayo Barbie Fashion Designer. Msichana alibuni nguo kwenye kompyuta, akazichapa kwa printa ya kawaida kwenye kitambaa maalumu, kisha akamvika mwanasesere wake. Nakala zaidi ya 500,000 zilinunuliwa katika miezi miwili ya kwanza. Wenye mitaji wakaamka, na ghafla kila mmoja akataka awe na diski ya wasichana.

Kosa lao lilikuwa kuangalia boksi. Waliona pinki, wakadhani pinki ndiyo iliyouza. Hawakuona kwamba diski ile ilimwachia mtoto kitu cha kushika mkononi, tena kilichoendana na mwanasesere ambaye alikuwa naye tayari nyumbani. Hiyo ni bidhaa iliyofikiriwa. Waliofuata nyuma waliiga rangi.

Si wote waliokuwa wavivu. Kampuni ya Purple Moon, iliyoanzishwa mwaka 1996 na mtafiti Brenda Laurel kwa fedha za Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, ilitegemea utafiti mrefu wa namna wasichana wanavyocheza. Mwaka 1997 ilitoa michezo yake ya kwanza, ikiwemo ya msichana Rockett anayeanza shule mpya. Mwanzoni mwa mwaka 1999 ilifunga milango, na mali zake zikachukuliwa na Mattel. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, Purple Moon ilijua bidhaa lakini ikanaswa na mahali. Ilikubali kukaa kwenye rafu fupi ya wasichana, na kwenye rafu hiyo alikwisha kutangulia Barbie, jina ambalo kila mama mnunuzi analijua.

Mattel nayo ililewa sifa. Mwaka 1999 ilikamilisha ununuzi wa The Learning Company, watengenezaji wa programu za elimu na michezo ya kompyuta, kwa dola zipatazo bilioni 3.5. Mwaka 2000 mkuu wa Mattel, Jill Barad, alijiuzulu, na kabla mwaka haujaisha kampuni ile iliyonunuliwa kwa mabilioni iliachwa iende kwa mwenye kuipokea, Mattel isipate fedha taslimu siku ya kukabidhi. Hasara hiyo haikuletwa na michezo ya wasichana peke yake. Hata hivyo mwenye hisa alilipia imani kwamba anayejua kuuza mwanasesere anajua kuuza kila kitu.

Nyumba ya wanasesere

Wakati boksi za pinki zikipungua madukani, mtengenezaji mwingine wa Marekani, Will Wright, alikuwa na wazo ambalo kwa miaka lilipokewa kwa baridi ndani ya kampuni yake. Mchezaji anajenga nyumba, anaweka watu ndani, anawalisha, anawatafutia kazi, wanapendana, wanagombana. Wakati wa kutengenezwa mchezo huo uliitwa nyumba ya wanasesere, na jina hilo pekee lilitosha kuwatia mashaka waliozoea kwamba mnunuzi ni mvulana. Ulitoka Februari 2000 kwa jina la The Sims. Mwaka 2002 ukawa mchezo wa kompyuta uliouzwa kuliko yote iliyoutangulia, ukiipita Myst. Habari zilizoenea tangu miaka hiyo ni kwamba zaidi ya nusu ya wachezaji wake ni wanawake.

Boksi la The Sims halikuwa la pinki, wala mchezo haukuuzwa kwenye rafu ya wasichana. Kilichomvuta mwanamke ni kwamba mambo anayoyajua yalihesabiwa kuwa yanafaa kuchezwa. Tena kwa mwenye kampuni faida haikuishia kwenye diski ya kwanza: kati ya mwaka 2000 na 2003 Electronic Arts iliuza diski saba za nyongeza, moja ya karamu, nyingine ya wanyama wa nyumbani, na kadhalika. Mteja aliyeipenda bidhaa alirudi kununua mwenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nintendo nayo ilijifunza. Mkuu wake wakati huo, Satoru Iwata, aliona kwamba kugombania vijana walewale na Sony na Microsoft ni vita isiyo na mwisho, akaamua kuongeza idadi ya watu wanaocheza. Mashine ya DS ya mwaka 2004 ilifuatiwa na Nintendogs, mchezo wa kufuga mbwa, na mazoezi ya ubongo ya dakika chache kwa siku. Wii ya mwaka 2006 ilichezwa kwa kupunga mkono, hivyo hakukuwa na vitufe kumi na viwili vya kumwaibisha mgeni. Nchini Marekani Nintendo iliwatafuta akina mama, ikawaomba wawaalike marafiki zao na jamaa waijaribu pamoja. Barani Ulaya, mwaka 2007, tangazo la mazoezi ya ubongo lilimtumia mwigizaji Nicole Kidman. Mashine ya GameCube iliyoitangulia Wii iliuzwa kiasi cha milioni 21.7. Wii ilivuka milioni 101, na DS milioni 154.

Tangazo la Nintendo lilifanya kazi kwa sababu lilisema kweli. Mama aliyeahidiwa kwamba ataweza kucheza siku hiyohiyo aliweza.

Roho tano na hesabu yake

Nguzo iliyobaki ni bei, na hapa ndipo mwekezaji mdogo anapotakiwa kufungua macho. Candy Crush Saga ya kampuni ya King ilianza mwaka 2012, kwanza kwenye Facebook, kisha kwenye simu. Wengi wa wachezaji wake ni wanawake watu wazima. Kuanza ni bure. Mchezaji anapewa roho tano. Akishindwa, roho moja inakwenda, na kila inayopotea huchukua nusu saa kurudi. Asiyetaka kungoja anaomba kwa marafiki au analipa kidogo. Hakuna mashine ya kununua, hakuna duka la kuingia, hakuna mwenye kukuuliza mama mzima unatafuta nini hapa. Mahali ni mkononi mwako, na bei ni senti.

Mwaka 2013 King ilipata mapato ya dola bilioni 1.88 na faida ya dola milioni 568. Machi 2014 ikauza hisa New York kwa dola 22.50 kila moja, thamani ya kampuni nzima ikikadiriwa kuwa dola bilioni 7. Siku ya kwanza tu bei ilifunga dola 19. Waliosoma mahesabu hawakushangaa, kwani yalionyesha kwamba katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2013 mchezo mmoja, Candy Crush, ulileta asilimia 78 ya malipo ya wateja. Novemba 2015 Activision Blizzard ilitangaza kuinunua King kwa dola bilioni 5.9, yaani dola 18 kwa hisa. Aliyenunua hisa 100 siku ya kwanza kwa bei ya kutolea alitoa dola 2,250. Mwishoni alirudishiwa dola 1,800, ukiacha gawio alilopata katikati.

Mchezo wenyewe haukufa. King ilitangaza mwaka 2023 kwamba mapato ya Candy Crush tangu kuanza yamepita dola bilioni 20, na mwaka huohuo Microsoft ilikamilisha kuinunua Activision Blizzard pamoja na King ndani yake, kwa dola zipatazo bilioni 69. Wanawake walioucheza hawakukosea kuupenda. Mwenye hisa za mwaka 2014 ndiye aliyekosea kudhani kwamba bidhaa nzuri ni nzuri kwa bei yoyote ya hisa.

Nintendo pia inatoa onyo kama hilo. Wateja wapya iliowapata kwa Wii walipopata simu za kisasa wengi walihamia huko. Wii U ya mwaka 2012 iliuzwa milioni 13.6 tu, na hata kabla haijatoka, mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2012 Nintendo ilikuwa imekwisha kupata hasara ya uendeshaji. Mteja uliyempata kwa urahisi anaweza kuondoka kwa urahisi.

Safu hii ina neno lingine juu ya bei ya namna hiyo. Kumuuzia mtu roho ya tano saa sita usiku, akiwa amechoka na anataka kulala baada ya kushinda, ni biashara halali lakini ina makali. Mwanamke ambaye miaka thelathini iliyopita hakuhesabiwa kuwa mteja leo anahesabiwa mpaka dakika zake za uchovu. Kampuni inayotegemea sana fedha ya namna hiyo siku moja itakutana na sheria au na hasira za wateja. Mwenye hisa aliweke jambo hilo katika hesabu zake.

Wanaouza wakijua

Kuna njia ya tatu, nayo inatoka Japani. Mwaka 1994 kampuni ya Koei ilitoa Angelique, mchezo wa mapenzi uliotengenezwa mahususi kwa wanawake na kikundi cha wanawake ndani ya kampuni, chini ya uongozi wa Keiko Erikawa, mmoja wa waanzilishi. Soko lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na wateja waaminifu, na aina hiyo ya michezo inaendelea kuuzwa hadi leo. China, mchezo wa simu Love and Deepspace wa kampuni ya Papergames, uliotoka Januari 2024, umefuata njia hiyo. Mama Erikawa mwenyewe anajulikana pia kwa kusimamia vitegauchumi vya kampuni yake vyenye thamani ya zaidi ya dola bilioni moja. Wanaodhani kwamba mwanamke katika biashara hii ni picha ya kwenye boksi wamsome huyo.

Karibu na nyumbani

Kampuni hizi haziko katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lakini wateja wao tunao mitaani. Mchezo unaotawala mabanda yetu ya gemu ni wa mpira wa miguu wa Electronic Arts. Mwaka 2015 mchezo huo, FIFA 16, uliingiza timu za taifa za wanawake 12 kwa mara ya kwanza. Toleo la FIFA 23, lililotoka mwaka 2022, lilikuwa na Sam Kerr wa Australia kwenye jalada pamoja na Kylian Mbappé. Kwenye boksi, basi, mwanamke amekwisha kufika.

Sasa nenda kwenye banda lenyewe. Chumba kimoja, pazia mlangoni, giza, benchi moja, vijana wanapiga kelele na kuwekeana dau la soda. Dada gani ataingia hapo peke yake? Mwenye banda akibandika picha ya Sam Kerr ukutani hajabadili kitu. Hiyo ni kumbi ya Japani ya mwaka 1980, na dawa yake ni ileile: ondoa pazia, ongeza taa na viti, weka saa ambazo familia inaweza kuja, weka michezo ya watu wanne wasiojuana na vitufe, na bei ya kikundi. Kisha ndipo uandike bango.

Dada huyohuyo ambaye haingii bandani utamkuta saluni akisukwa, simu mkononi, anapanga peremende za rangi. Anayemuuzia simu hiyo na bando lake anamhudumia mchezaji wa michezo ya video, na huenda hajui. Akijua, ataacha kumwonyesha simu ya pinki kwanza. Atamwambia betri inakaa saa ngapi, nafasi ya kuhifadhi ni kiasi gani na kioo kina ukubwa gani, kama anavyomwambia kaka yake.

Kwa mwenye hisa, au mwenye kufikiria kununua, safu hii inashauri yafuatayo kila kampuni inapojisifu kwamba imegundua soko la wanawake. Uliza imebadili nini kabla ya tangazo. Uliza mapato yanatoka kwenye bidhaa ngapi. Halafu uliza bei ya hisa, maana hilo ndilo swali waliolisahau wanunuzi wa mwaka 2014. Ikiwa jibu la swali la kwanza ni rangi ya boksi, weka fedha yako mfukoni.